Prodyuza aliniambia noti yangu "haipo". Kumbe ina jina, tena majina kibao!

Wadau wangu, leo sitaji jina la mtu. Najua mnavyopenda kukisia, na najua kuna watakaosema "huyo ni fulani, mbona anajulikana". Kisieni mtakavyo, mie simo. Ninachowaambia ni kwamba kuna wimbo mmoja mliucheza sana kwenye maharusi, una kiitikio cha wanawake watatu, na mmoja wa wale watatu nilikuwa mimi. Mkiusikiliza vizuri mtasikia sauti mbili tu. Ya tatu ilitolewa. Hii ni habari ya ile ya tatu.

Ilikuwa 2016, studio moja ya Sinza, chumba kidogo kama jiko, feni imezimwa ili mlio wake usiingie kwenye maiki. Mwenye wimbo tumwite Dada Mkubwa. Prodyuza alikuwa kijana, kipaji anacho, siwezi kumnyima haki yake. Niliimba kiitikio mara moja, akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akazungusha kiti, akaniita nije nione kwenye kompyuta.

Kama hamjawahi kuona, ni hivi: kuna mistari imepangwa kama ngazi, kila kipandio ni noti moja, na sauti yako inachorwa kama uzi unaopita juu ya zile ngazi. Uzi wangu ulikaa vizuri kila mahali isipokuwa pamoja. Hapo ulikuwa unaning'inia katikati ya vipandio viwili. Na mara zote tatu ulining'inia palepale.

"Dada, hii noti yako haipo," akasema.

"Haipo vipi na mimi nimeiimba?"

"Haipo. Kuna hii ya juu na hii ya chini. Hiyo yako haipo. Upo nje ya ki."

Akashika mausi, akaivuta sauti yangu juu mpaka kwenye mstari. Akacheza. Nilijisikia kama mtu kanivalisha kiatu cha mwenzangu. Akaivuta chini. Ikawa msiba. Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaa nyuma anachati, akacheka bila hata kuinua macho: "Shoga, leo unapwaya." Basi. Wakaimba wale wawili, mie nikapewa nusu ya hela na nauli ya bajaji.

Mji huu mdogo, jamani. Ndani ya mwezi kila studio niliyogonga walishasikia kwamba mimi "natoka nje". Miaka mitatu sikuitwa kokote isipokuwa kwenye vigodoro, ambako hakuna anayesikiliza kiitikio.

Sasa niwaambie kilichoniuma hasa, maana si ile hela. Mie ile noti nilijua nimeitoa wapi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja, akaolewa Tanga. Ujanani aliimba kwenye kikundi cha taarabu cha akinamama, wale wa kukaa juu ya mkeka na dumbaki na rika, wanatuza na kutuzwa. Alipokuwa akichambua mchele au akikuna nazi alikuwa na wimbo mmoja wa kwake, na ndani yake kuna pahala sauti inapanda mpaka hatua ya tatu na kutulia hapo. Huwezi kusema ni pa furaha, huwezi kusema ni pa huzuni. Nilikua nikidhani ndivyo nyimbo zilivyo.

Kidato cha pili nikaingia kwaya ya shule. Mwalimu alitufundisha do re mi, kila mtu na daftari lake, kinanda cha umeme kikiwa hakimu wa kila jambo. Siku moja nikarudi nyumbani nimejaa elimu, nikamkuta Bibi uani anaimba, nikamkatiza. Nikamwambia, "Bibi, hapo unakosea. Mi haikai hapo." Nikamwimbia mi ya kinanda, kubwa, imenyooka.

Akanitazama. "Haya, mke mwenzangu," akasema. "Nyie ndio mliosoma."

Tangu siku ile, nikiwa karibu, wimbo aliuimba vilevile lakini akifika pale alikuwa anaguna tu, mm, halafu anaruka kwenda mbele. Alifariki 2012. Sikuwahi kumwomba radhi kwa sababu nilidhani nilikuwa sahihi. Hivyo yule kijana wa Sinza aliponiambia noti yangu haipo, haikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno yale. Mara ya kwanza niliyasema mimi.

Desemba 2019 nilikwenda Unguja kwenye harusi ya binti wa mama mdogo. Nipo uani naosha vikombe, najiimbia ule wimbo wa Bibi, nikasikia sauti ya mzee kutoka barazani: "Nani huyo mwenye sika?"

Nikadhani anasema "shika". Nikatoka na mikono ina povu. "Shikamoo mzee. Nishike nini?"

Wote pale barazani walivunjika mbavu. Alikuwa mzee mmoja mpiga ganuni, mwembamba, kofia ya kiua, nimeambiwa amepiga tangu kabla mama yangu hajazaliwa. "Marahaba mwanangu. Hukuambiwa ushike kitu. Nauliza hiyo sika umejifunza kwa nani?"

Wadau, nilikaa chini. Miaka yote ile, na hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu ananiambia kwamba lile pahala lina jina.

Akaichukua ganuni mapajani. Kwa asiyeijua, ni lile sanduku lenye nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na upande wa kushoto kuna vichuma vidogo vya kuinua na kulaza. Ukiinua kichuma, sauti inapanda kidogo, ukilaza, inashuka. Akapiga hatua ya tatu, vichuma viko juu. "Hii ya kinanda." Akalaza vichuma viwili vitatu. "Hii ya kilio." Akainua kimoja. "Hii sika." Na pale pale nikamwona Bibi na ungo wake wa mchele.

Jina lenyewe ni la Kiajemi, lilipita kwa Waarabu likatufikia sisi. Se ni tatu, gah ni pahala. Pahala pa tatu, basi, hakuna uchawi wowote. Ya pili ni duka, na hii haina uhusiano na mangi. Ya nne ni jaharika. Na ile ya kuanzia inaitwa rasti, maana yake kwa Kiajemi ni nyoofu, iliyo sawa. Yaani wimbo nilioambiwa haujanyooka unaanzia kwenye noti inayoitwa Nyoofu! Nilicheka mpaka mzee akaniuliza kama nina wazimu. Mambo haya yalitufikia enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Yeye ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, na 1905 Ikhwani Safaa wakaunda kikundi chao. Kwa hiyo noti "isiyokuwepo" ilikuwa inapigwa pwani hii kabla babu wa prodyuza wangu hajazaliwa.

Pale barazani kulikuwa na kijana mwingine anayesoma muziki, mpole, miwani. Yeye ndiye aliyenifungulia dunia kwa ubao, waya mmoja na rula. Naomba mnivumilie hapa, maana ndo penye utamu.

Waya ulikuwa na urefu wa sentimita 60. Ukiupiga wazi, hiyo ni do yako. Ukiubana kwenye 30, ubaki nusu, unapata do ileile ya juu, kama baba na mtoto wanapoimba wimbo mmoja. Hiyo ni 2 kwa 1. Ukibana ibaki 40, unapata so, iliyotulia kabisa, 3 kwa 2. Ibaki 48, unapata mi ya furaha, 5 kwa 4. Ibaki 50, mi ya huzuni, 6 kwa 5. Sauti mbili zikiwa na uhusiano wa namba ndogo ndogo namna hii, mitetemo yake inakutana, sikio linapumzika. Huku ndiko kupanga sauti kwa namba kamili, kulikokuwepo tangu Wagiriki wa kale.

Mnaona kitu? 48 furaha, 50 huzuni. Kijana akauliza, "Sasa dada, ukibana 49?"

Akabana. Ilikuwa Bibi.

Nikauliza mi ya kinanda iko wapi kwenye rula. Akanionyesha: siyo kwenye 48, iko kama 47.6. Kinanda kinagawa njia yote kutoka do mpaka do vipande 12 vilivyo sawa sawia, ili upige wimbo wowote ukianzia popote. Ni mpango wenye akili, sikatai. Lakini gharama yake ni kwamba karibu kila kitu kimesogezwa kidogo, na mi ni mojawapo ya zilizosogezwa sana, imevutwa juu. Kuna Mwingereza, Alexander Ellis, mwaka 1885 aligawa ile njia yote kwa vipande 1200 na kila kipande akakiita senti. (Inasemekana sikio lake mwenyewe la muziki lilikuwa butu, ndiyo maana akategemea hesabu.) Kwa senti zake, mi ya kinanda iko 400, mi ya namba kamili iko 386, sika inazunguka 350. Kwa hiyo nilimsahihisha Bibi kwa rula ambayo yenyewe imepinda senti 14. Senti 14 sio hela, lakini muimbaji yeyote wa kwaya anayezoea kuimba bila kinanda, halafu ghafla kinanda kikaingia, anazijua. Ule uchachu unaousikia ndio huo.

Tena tukiwa kwenye kwaya hapo hapo, hebu niwaulize walioimba kwaya: mmewahi kuanza wimbo bila kinanda, mkafika mwisho, mwalimu akabonyeza noti, mkakuta mmeshuka? Sisi ilikuwa kila wiki. Na kila wiki lawama kwa besi. Kuna kaka mmoja wa besi aliacha kwaya kwa lawama hizo.

Kumbe ni hesabu. Kwenye zile namba kamili, re ipo ya aina mbili. Kuna re inayoendana na so, na kuna re inayoendana na la, na hazilingani: moja iko chini ya mwenzake kwa uwiano wa 81 kwa 80, yaani kama senti 21 na nusu. Wimbo ukipita kwenye la, waimbaji wenye masikio mazuri wanachukua re ya chini ili iungane vizuri. Halafu wanaishikilia hiyohiyo na kujenga so juu yake, na kutoka kwa hiyo so wanarudi do, na do nayo imeshashuka. Mzunguko mmoja senti 21. Mizunguko mitano, umeshapoteza nusu hatua nzima. Kwaya inashuka kwa sababu masikio ni mazima! Yule kaka wa besi kama unasoma hapa, njoo tunywe soda.

Na hili ndilo lililonikera kuliko yote. Do re mi za madaftari yetu, zile za herufi, zilienezwa na Mwingereza John Curwen, zikaletwa kwetu na wamisionari na waalimu. Na Curwen alikuwa na jina la ile re ya chini! Aliiita ra. Alitaka watu waimbe kwa namba kamili, bila kinanda. Mwanasayansi wa Kijerumani, Helmholtz, aliwasikia waimbaji wa do re mi wa London, akawasifia kwenye kitabu chake kwa usafi wa sauti zao. Sasa mwalimu wetu alipewa daftari lenye re moja. Ya pili ikaendelea kuimbwa, ila ikakosa jina, na kwa kuwa haina jina ikawa inaitwa kosa la besi.

Ile tofauti ndogo ya 81 kwa 80 yenyewe ina jina, inaitwa koma, koma ya Didymus, mwanamuziki mmoja wa Kigiriki. Kuna nyingine kubwa kidogo, senti 23 na nusu, ni koma ya Pythagoras. Zipo nyingine ndogo mpaka unajiuliza nani ameisikia: kuna skisma, senti kama 2. Watu wamekaa wakaipa jina senti 2, na sika ya Bibi yenye mbuga nzima ya kujinafasi ikaambiwa haipo.

Tangu siku ile nimekuwa mgonjwa wa majina haya. Nasoma usiku, mume wangu ananiuliza nachati na nani. Na nimegundua hakuna ukoo unaogombania majina kama huu. Kwanza kuna majina ya hesabu ya ngazi: tatu kubwa, tatu ndogo, tano kamili. Unahesabu vipandio, basi. Shida yake ni kwamba tatu kubwa ya kinanda, ya namba kamili na ya Pythagoras, zote zinaitwa tatu kubwa, wakati kati ya ile ya namba kamili na ya Pythagoras kuna koma nzima. Ni kama kuwaita watoto wako wote Juma.

Kuna majina ya wanyama. Wazungu wa zamani walikuwa wanapanga vinanda vyao tatu zipendeze, lakini hesabu haifungi, lazima ubovu wote urundikane pahala. Wakaurundika kwenye tano moja, ukiibonyeza inalia kama mnyama porini, wakaiita mbwa mwitu. Hilo nalipenda. Angalau ni kweli.

Kuna jina la kazi. Ipo saba moja, 7 kwa 4, iko chini ya ile ya kinanda kwa senti 31. Marekani kuna wanaume wanaimba wanne wanne bila ala, mtindo wanaouita wa kinyozi, na wanaipenda sauti hiyo kufa. Basi nayo inaitwa saba ya kinyozi. Nilipomhadithia kinyozi wa mtaani kwetu aliniuliza kama kuna malipo.

Halafu kuna mtu aliyechoka na majina yote. Harry Partch, Mmarekani, alitumia sauti 43 ndani ya njia ile moja, akatengeneza ala zake mwenyewe, na kitabu chake cha 1949 kinaita kila sauti kwa namba zake tu: 3 kwa 2, 7 kwa 4, 11 kwa 9. Namheshimu. Namba haidanganyi, haina kabila, haisemi huyu mkubwa huyu mdogo. Lakini mimi ni muitikiaji. Siku ya mazoezi huwezi kumpigia mwenzako kelele, "Mwajuma, nipe ishirini na saba kwa ishirini na mbili!" Mwajuma atachukua pochi yake aende.

Hizo 27 kwa 22 sikuziokota. Baghdad, karne ya 8, kulikuwa na mpiga udi mashuhuri, Mansur Zalzal. Kati ya tatu ya juu na tatu ya chini, yeye akaweka kizuizi katikati. Watu wakakiita cha kati cha Zalzal. Karne ya 10 Al-Farabi akakiandika kwa hesabu, 27 kwa 22. Nimekipima kwenye waya wetu wa sentimita 60: kinaangukia 48.9. Mpiga udi wa Baghdad na bibi yangu wa Tanga wamepishana milimita moja.

Wazungu sauti hizi za katikati wanaziita tatu isiyo na upande. Mie jina hilo silipendi, nasema wazi. Ni jina la mtu ambaye nyumbani kwake walikuwepo wawili tu, akamkuta wa tatu, akamwita "yule asiye huku wala kule". Bibi hakuwa katikati ya chochote. Alikuwa pahala pa tatu. Hata wale wanaosema "robo tuni" mzee wa ganuni aliwakunjia uso. Mwaka 1932 Cairo, chini ya Mfalme Fuad, ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, mpaka mtunzi Béla Bartók alihudhuria. Wapo waliotaka njia yote igawanywe robo 24 zilizo sawa, ili sika iwe na makazi ya kudumu, 350 kamili. Wapo waliokataa, wakasema sikio haliendi hivyo. Mzee yupo na waliokataa. "Sika ya Misri sio sika ya Uturuki," aliniambia. "Ya Uturuki inakaa juu. Na sika ukiwa unapanda si ile ukiwa unashuka. Ukiipiga msumari, umeiua."

Nikamuuliza, sasa mzee, kama haikai pamoja, jina la nini?

"Wewe mwanangu unakaa pamoja?" akaniuliza. "Mbona una jina."

Nirudi mjini nimalize. Mwaka huu, mwezi wa nne, simu ikaita, namba ngeni. "Shikamoo dada." Shikamoo! Alikuwa ni yeye, prodyuza wa Sinza, siku hizi jina limekua, ana studio yenye kiyoyozi. Dada Mkubwa anataka wimbo wenye ladha ya taarabu asilia, siku hizi ndiyo inauza, wamejaribu waimbaji wanne, hawaipati. Akakohoa kidogo. "Samahani dada. Ile noti yako... unayo bado?"

Nikamwambia hela yote kabla sijavua viatu. Akakubali.

Nilipofika nikagundua kumbe ile sauti yangu ya 2016 hakuifuta. Aliitoa kwenye wimbo tu, akaihifadhi. Ilikuwa kwenye kompyuta, na faili lake ameliandika "kiitikio 3 mbovu". Nilisimama nalitazama. Miaka yote hiyo nilikuwa na jina, tena la maandishi.

"Badilisha," nikamwambia.

"Niandike nini?"

"Sika."

Vidole vikasimama juu ya kibodi. "Shika?"

Jamani.

Dada Mkubwa hakuwepo siku ile, na sijui kama anakumbuka aliyoyasema. Sikumuulizia. Tulirekodi, safari hii kijana aliizima ile programu ya kunyoosha, akageuzia kioo ukutani ili asishawishike. Nikaimba mara mbili, ikatosha. Wimbo haujatoka bado.

Tulipomaliza nilitoa kaseti kwenye pochi. Ni ya harusi ya 1994, Tanga, mama yangu aliitunza kwenye kopo la biskuti. Bibi anaongoza, wenzake wanaitikia, kuna mtoto analia na mtu anaita "leteni maji". Ilichukua karibu saa nzima kupata redio ya kuchezea na waya wa kuunganisha. Akakigeuza tena kioo, tukaketi wote wawili tunatazama.

Ule uzi ukapanda, do, re, halafu ukafika pale. Ukaning'inia katikati ya vipandio viwili. Ubeti wa pili, palepale, pengine nywele moja juu zaidi. Ubeti wa tatu, palepale. Hakuguna, hakuruka. Ilikuwa kabla mimi sijasoma.

Prodyuza mkono wake ulikuwa kando ya mausi, hakuigusa. "Dada," akasema polepole, "huyu nani?"

Nikamwambia ni mke mwenzangu. Akadhani natania.